Bunduki ya kulinda nyumba: mpimie atakayekuwa nyumbani

"Tunaishi Houston, mimi, mke wangu na watoto watatu wa miaka 15, 9 na 4. Mwezi uliopita nyumba ya jirani ilivunjwa saa nane usiku wenyewe wakiwa wamelala. Mimi nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, siku nne kwa wiki. Nimeamua kununua shotigani. Mwenzangu kazini anasema hiyo haihitaji shabaha, unaelekeza tu, tena mwizi akisikia inavyokokiwa atakimbia mwenyewe. Ameniambia nitie risasi za ndege ili zisipenye ukuta. Chumba cha wadogo kinatazamana na chetu, katikati kuna korido nyembamba. Mkubwa analala mwisho wa korido. Dukani nilionyeshwa moja fupi ya geji 12 isiyo na kitako, mshikio tu. Mke wangu ni mdogo wa umbo, kama mita 1.55, na anaogopa teke la bunduki. Mimi nina grini kadi. Ninunue ipi, na niiwekeje?"

Ndugu yangu, poleni kwa usiku ule. Jirani akivunjiwa, hata wewe usiyeguswa unaanza kuamka kila mbwa anapobweka, na hofu hiyo si ya kuonewa aibu. Nitakujibu kwa urefu, kwa sababu katika yote uliyoambiwa kazini na dukani sioni hata moja ambalo ningekuacha uondoke nalo.

Kilichonishika kwenye swali lako ni ile zamu ya usiku. Mwizi wa saa nane akija, zaidi ya nusu ya wiki wewe uko ghalani. Atakayesikia kioo kikivunjika ni mke wako, na atakayeamua ndani ya sekunde chache, gizani, na watoto wakilia, ni yeye. Basi bunduki hii ni ya shemeji, nawe utaitumia siku ukiwepo. Bunduki inayomkaa vizuri mwanamke wa mita 1.55 wewe utaipiga bila taabu. Iliyopimwa kwa mabega yako yeye hataimudu. Na umeandika "nimeamua", hukuandika "tumeamua". Kabla ya senti moja kutoka mfukoni, kaa naye umuulize kama yuko tayari kuishika na kuitumia. Jibu lake ndilo litakaloamua kila kitu nitakachosema hapa chini.

Tuanze na hilo la kutohitaji shabaha, maana ndilo linaloumiza watu wengi. Risasi ya kawaida ya geji 12 (geji ni kipimo cha upana wa mtutu, na namba ikiwa ndogo mtutu ni mpana zaidi) yenye alama 00 kwenye boksi huwa na marisau tisa, yaani vichembe vya duara, kila chembe ikiwa na kipenyo cha milimita 8.4 hivi. Yanatoka mtutuni yamebanana ndani ya kikombe cha plastiki, kisha yanaanza kuachana taratibu yakiwa hewani. Wapigaji wa Marekani wana kanuni yao ya zamani: inchi moja ya mtawanyiko kwa kila yadi moja ya mwendo. Kutoka kitandani hadi mlangoni ni mita nne au tano. Kwa kanuni hiyo marisau yote tisa yanatua mahali penye upana wa sentimita 11 hadi 14. Risasi za kisasa ambazo kikombe chake huchelewa kuyaachia marisau, kama zile za Federal zenye kikombe cha FliteControl, hutawanyika hata chini ya hapo. Kwa hiyo ndani ya chumba shotigani inapiga tundu moja. Ukikosa kwa upana wa mkono umekosa kwa yote tisa, na yote tisa yanaendelea na safari kuelekea kilicho nyuma. Inalengwa kama bunduki nyingine yoyote, kitako begani na shavu juu ya kitako.

Sauti ya kukoki huenda ikamfukuza mwizi. Huenda pia naye ana bastola, na sasa amejua mko chumba gani. Sipendi mpango unaotegemea moyo wa mtu nisiyemjua. Sauti inayofaa ni ya mtu: shemeji aseme kwa Kiingereza, kwa nguvu, mlango ukiwa umefungwa, kwamba polisi wanakuja, ana bunduki, ondoka. Simu ya dharura ya 911 ikiwa wazi maneno hayo yanarekodiwa, na hilo litawasaidia sana baadaye kuliko mlio wa chuma.

Sasa risasi za ndege, yaani zile za kuwindia ndege. Mwenzako ana nia njema, ila hesabu yake imekaa kichwa chini. Marisau ya ndege ni madogo mno; yale ya namba 8 yana kipenyo cha milimita 2.3 tu, na risasi moja hubeba mamia. Chembe nyepesi hivyo hupoteza kasi upesi ikiingia mwilini. Inachana ngozi na nyama ya juu, inaacha jeraha baya la kutazama, lakini mara nyingi haifiki ndani kwa kina cha kumsimamisha mtu aliyekusudia kuendelea. Shirika la FBI hupima risasi zake za kazini kwenye jeli maalumu na kutaka zipenye kati ya inchi 12 na 18, yaani sentimita 30 hadi 46. Marisau ya ndege hayafiki hapo. Na kwa umbali wa chumbani bado yanatoboa ukuta wa jipsam. Umepata risasi isiyozuia mwizi na isiyozuiwa na ukuta.

Hapo kwenye ukuta ndipo ningependa ukae zaidi, kwa sababu wengi wetu tumekulia kwenye nyumba za tofali za saruji au mawe, ambako ukuta ni ukuta. Ukuta wa ndani wa nyumba za Marekani kwa kawaida ni mbao za wima zilizopangwa kila sentimita 40 hivi, upande huu karatasi ya jipsam ya milimita 12.7, upande ule nyingine, katikati uwazi. Marisau 00 yanapita kuta kadhaa za namna hiyo na bado yana nguvu ya kuua. Risasi za bastola hupita. Ile risasi nzima ya chembe moja, yenye uzito wa gramu 28 hivi, hata usiifikirie kwa nyumba yako. Risasi yenye uwezo wa kumzuia mtu mzima haizuiliwi na jipsam, kwa hiyo usalama wa watoto hautoki kwenye boksi la risasi. Unatoka kwenye mahali utakaposimama na upande utakaoelekea.

Fanya hivi ukiwa na mke wako, mchana, bila bunduki. Simameni chumbani kwenu mahali mnapodhani mngesimama, mtazame mlango. Sasa vuka korido uone mstari huo unaishia wapi. Kwa maelezo yako, unaishia kwenye kitanda cha mtoto wa miaka minne. Mama akipiga kutoka chumbani kwake kuelekea mlangoni, anawapigia wanawe. Hakuna geji wala chapa itakayorekebisha hilo.

Kinachorekebisha ni kugeuza chumba. Ningefanya chumba cha wadogo ndicho kimbilio. Shemeji akisikia jambo, anavuka korido hatua mbili, anamwita mkubwa, wote wanaingia chumba cha wadogo na mlango unafungwa. Watoto wanalala chini kwenye kona iliyo mbali na mlango, nyuma yake, na yeye anatazama mlango. Sasa mstari wake unaelekea chumba chenu cha kulala, ambacho kiko tupu. Endelea kuufuata hadi nje: nyuma ya chumba chenu kuna nini? Kama kuna ukuta wa nje wa tofali na ua, vizuri. Kama kuna dirisha na ng'ambo yake analala jirani, sogeza mahali pa kusimama hadi pembe ibadilike. Fungeni kitasa cha kweli kwenye mlango wa chumba hicho. Na izoeeni safari hiyo ya hatua mbili, watoto wakiwemo, kama shule zinavyowafanyisha mazoezi ya moto, hadi mdogo aifanye bila kuuliza.

Baada ya hapo kazi ni kungoja polisi. Asitoke kukagua nyumba. Kukagua vyumba gizani kunawashinda hata askari waliofunzwa wakiwa wawili, na ndiko kunakozaa ile ajali mbaya kuliko zote, mzazi kumpiga mwanawe aliyeamka kunywa maji. Una kijana wa miaka 15. Kijana wa umri huo, gizani, kwa kivuli, ni mwanamume mzima. Televisheni ibebwe, haina thamani ya hatua hata moja nje ya mlango ule. Polisi wakifika, bunduki iwe chini na mikono mitupu kabla hajafungua.

Haya, bunduki yenyewe. Ile fupi ya dukani iache. Naijua aina hiyo: mtutu wa inchi 14, mshikio uliopinda, haina kitako. Kisheria inauzwa kihalali kwa sababu haijawahi kufungwa kitako, lakini bila kitako huwezi kulenga vizuri, na teke lote la geji 12 linaishia kwenye viganja na vifundo vya mikono. Shemeji ataipiga mara moja na hataigusa tena. Kuna hatari nyingine ambayo wanunuzi hawaambiwi: siku ukiamua kuifungia kitako ili itulie, umetengeneza shotigani ya mtutu mfupi. Sheria ya shirikisho ya tangu 1934 inataka shotigani iwe na mtutu wa angalau inchi 18 na urefu wote wa angalau inchi 26, na iliyo chini ya hapo bila kusajiliwa kwanza ni kosa kubwa la jinai.

Kwa mtu wa umbo lake ningeanzia geji 20. Marisau ya namba 3 kwa geji hiyo huwa chembe 20 za milimita 6.4 hivi, na kwa umbali wa chumbani yanatosha kwa kazi mnayoihofia. Teke lake ni dogo kuliko la geji 12 yenye risasi za nguvu kamili. Lakini zaidi ya geji, angalia urefu wa kitako, kutoka triga hadi nyuma. Bunduki nyingi hutoka kiwandani na inchi 14 au karibu yake, sentimita 35, kipimo cha mwanamume mrefu. Yeye anahitaji inchi 12 na nusu hadi 13. Kitako kikiwa kirefu, mkono wa mbele unanyooka kama fimbo, mgongo unaegemea nyuma, bunduki inapanda juu na kumpiga shavuni. Nusu ya teke analoliogopa linatokana na hapo. Mossberg 500 ya geji 20 hutengenezwa pia kwa umbo dogo, na kizuizi chake cha triga kiko juu, chini ya kidole gumba, mahali rahisi kukiona na kukigusa kwa mkono wowote.

Hiyo ni ya pampu: kila baada ya risasi unavuta mkono nyuma hadi mwisho na kusukuma mbele hadi mwisho. Ni imara, ni nafuu, inakubali karibu risasi yoyote. Udhaifu wake ni mtu mwenyewe. Mwenye hofu huvuta nusu, ganda halitoki, risasi mpya haiingii, na bunduki imekwama mikononi mwa mtu asiyejua kuikwamua. Bunduki inayojikoki yenyewe kwa gesi ya risasi inaondoa tatizo hilo, na kwa kuwa sehemu ya nguvu inatumika kuendesha mtambo, teke huhisiwa laini zaidi. Beretta A300 Ultima Patrol ni mfano mzuri, ingawa ni ya geji 12 na bei yake ni karibu mara mbili ya Mossberg. Nayo inadai usafi, na lazima uijaribu kwa risasi zilezile utakazoziweka, kwani baadhi ya risasi zilizopunguzwa nguvu huwa dhaifu mno kuiendesha. Msimamo wangu: kama shemeji atakuwa na muda wa kufanya mazoezi mara kwa mara, pampu ya geji 20 inamtosha. Kama unajua moyoni kwamba atakwenda kiwanjani mara mbili kwa mwaka, okoteza pesa ununue ile inayojikoki.

Vikorombwezo ni vichache. Tochi iliyofungwa kwenye bunduki ni ya lazima, kwa sababu hairuhusiwi kumpigia mtu usiyemwona. Ila afundishwe kumulika dari au sakafu kwanza, nuru itajaza chumba bila mtutu kumwelekea mtoto. Mkoba wa risasi nne au sita pembeni mwa bunduki ni mzuri. Mengine yaache dukani.

Kuiweka. Ukiificha juu ya kabati, mtoto wa miaka 15 ameshaijua kabla hujamaliza kushuka kwenye kiti. Nunua kisanduku cha chuma kinachopigwa skurubu kwenye mbao za ukuta na kuishika bunduki katikati, cha vitufe vya kubonyeza visivyotegemea betri. Shemeji afanye mazoezi ya kukifungua gizani hadi vidole vizoee. Ndani ya kisanduku bunduki ikae na risasi kwenye magazini, yaani bomba la kuhifadhia risasi, lakini chemba, pale risasi inapofyatuliwa, iwe tupu. Sababu ni ya kiufundi: kwenye shotigani nyingi kile kizuizi hufunga triga tu, na bunduki iliyo na risasi chembani inaweza kufyatuka ikianguka. Sheria ya Texas nayo inamwona ana hatia mtu anayeacha kwa uzembe bunduki yenye risasi, na mtoto wa chini ya miaka 17 akaifikia.

Kuna jambo jingine la kufuli, nami nalisema kwa uzito wote. Zaidi ya nusu ya vifo vya bunduki Marekani ni vya watu waliojiua. Bunduki ikiingia nyumbani, hatari hiyo inapanda kwa kila anayeishi humo, na vijana wamo. Namba za kisanduku azijue mama na baba, basi. Na kama kijana wako, au mmoja wenu, anapita kwenye kipindi kizito cha huzuni, usinunue sasa. Kama tayari mnayo, itoeni nyumbani kwa muda. Namba ya 988, ya msaada kwa anayewaza kujiua, inapokelewa mchana na usiku.

Upande wa karatasi, mwenye grini kadi anaruhusiwa kununua. Dukani utajaza fomu 4473, ile ya shirikisho ya kununulia bunduki, watapeleka jina lako kukaguliwa. Fomu inauliza uraia: andika nchi yako na namba yako ya uhamiaji. Usiweke alama ya uraia wa Marekani hata kwa kupitiwa, kwa sababu kudai uraia usio nao kunaweza kuharibu maisha yako hapa moja kwa moja. Usimtume rafiki akununulie. Tena hukusema shemeji ana karatasi gani. Kama yuko kwa viza ya muda, ya kutembelea au ya masomo kwa mfano, sheria ya shirikisho, isipokuwa kwa misamaha michache, inamkataza hata kuishika, si kununua tu. Mpango wote huu unamweka yeye na bunduki, kwa hiyo hili lijue kabla. Hukumu ya kosa la silaha imeandikwa kwenye sheria ya uhamiaji kuwa sababu ya kumwondoa nchini hata mwenye grini kadi. Saa moja na wakili wa uhamiaji ni rahisi kuliko yote hayo, na muulize pia mipaka ya sheria ya Texas ya kujilinda nyumbani. Texas inampa mwenye nyumba nafasi pana, lakini nafasi hiyo hupimwa na mahakama, baada ya tukio.

Sasa nikuambie ninachoamini kingewasaidia kwanza, hata kama hamtanunua kitu. Milango mingi ya hapa hufungwa kwenye fremu kwa skurubu fupi, na teke moja linaing'oa. Badilisha kibati cha kufuli kiwe kirefu na skurubu zake ziwe za inchi 3, zifike kwenye mbao ya ukuta. Utatumia chini ya dola 30 na jioni moja. Weka taa za nje zinazowaka mtu akipita, na king'ora cha milango na madirisha. Vitu hivyo vinafanya kazi shemeji akiwa amelala, vinampa dakika za kuvuka korido, na haviwezi kumdhuru mtoto.

Wiki hii fanyeni mlango na yale mazoezi ya korido. Halafu mtafutieni shemeji mwalimu aliyeidhinishwa, mwenye darasa la wanaoanza, na mahali panapokodisha bunduki, apige geji 20 ya pampu na inayojikoki kabla hamjanunua yoyote. Aende bila wewe kama anapenda; wake wengi hujifunza vizuri zaidi mume akiwa mbali, na mwalimu mwanamke akipatikana ni bora. Pima umbali mrefu kuliko wote ndani ya nyumba yenu, na mkishachagua, apige risasi zenu kwenye karatasi kwa umbali huohuo, aone kwa macho yake tundu linavyokuwa. Avae kinga ya masikio na miwani kila mara. Na akirudi kutoka darasani akakwambia hapana, hataki kitu hicho ndani ya nyumba yake, msikilize, usinunue. Fedha hizo ziongezee kwenye king'ora na mlango mzito wa chumba cha wadogo.